Kerezo dogo la mezani

Kerezo ni mashine ya useremala inayozungusha kipande cha mbao huku fundi akikikata kwa patasi au bobari aliyoiegemeza kwenye egemeo la mbele. Kwa kukereza hupatikana miguu ya vitanda, mipini, bakuli na michi. Kerezo dogo ni lile linalowekwa juu ya meza. Kwa kawaida lina uzito wa kilo 30 hadi 45, hupokea mbao yenye kipenyo cha juu cha milimita 250 hadi 320, na nafasi kati ya kichwa kinachozungusha mbao na mkia unaoishikilia upande wa pili ni kama sentimita 30 hadi 45.

Udogo wenyewe si jambo geni. Kerezo la kale la pwani liliendeshwa kwa uta: kamba yake ilizungushwa kwenye mti, ikavutwa huku na huku, na fundi akafanya kazi akiwa ameketi chini. Kasoro yake ni kwamba mti ulikwenda mbele na kurudi nyuma, hivyo chuma kilikata kwa nusu tu ya mwendo. Mota imeondoa kasoro hiyo. Ile ya wati 370 hadi 750 hutumia umeme wa kawaida wa nyumbani wa volti 230, kwa hiyo fundi wa Musoma, Bunda au Butiama hahitaji kuvutiwa laini ya fezi tatu.

Kinachopotea kwa udogo huo ni uzito. Mbao isiyo na mizani hutikisa mashine nyepesi, na chuma huanza kurukaruka. Dawa yake ni kuifunga kwa bolti kwenye meza nzito na kupanga magunia ya mchanga kwenye rafu ya chini ya meza hiyo. Urefu nao una mpaka: mguu wa kitanda wa sentimita 70 hauingii. Hukerezwa vipande viwili, kimoja chenye ulimi na kingine chenye tundu, na kiungo kikafichwa penye pete ya urembo. Mguu ukipakwa rangi, mnunuzi hatakiona kiungo hicho.

Mwendo hubadilishwa kwa kuhamisha mkanda kwenye puli au kwa kitufe. Hapa wanaoanza hukosea, kwa kuhesabu mizunguko na kusahau upana. Kijiti cha milimita 25 kikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ukingo wake huenda mita 4 hivi kwa sekunde. Sahani ya milimita 300 kwa mizunguko 800 tu hupita mita 12. Kwa hiyo kipande kipana huanzwa polepole, hasa kabla hakijawa duara.

Kuhusu aina za mbao, mninga hukerezeka vizuri. Mpingo ni mgumu mno na hudai chuma kinolewe mara kwa mara. Vumbi la mvule huwasha ngozi na kifua, na katika chumba kidogo halina pa kwenda: dirisha hufunguliwa, na barakoa huvaliwa, hasa wakati wa kupiga msasa.