Kengele ya Upepo

Ukitoka Mbeya mjini kwenda Tunduma, barabara inashuka mlima wa Iwambi kabla hujaingia Mbalizi. Mteremko huo nilianza kuushuka mwaka 1984 nikiwa utingo, nimekaa kushoto kwa dereva, gogo la kuzuia tairi likiwa miguuni pangu.

Waliotutangulia katika njia hii walipata taabu kutushinda. Novemba 1965, serikali ya walowezi ya Ian Smith ilipojitangazia uhuru kule Rhodesia, Zambia ilikatiwa njia yake ya mafuta, na malori yakaanza kubeba mapipa kutoka Dar es Salaam juu ya vumbi na tope. Wazungu waliibatiza njia hiyo jina la Jehanamu, na hawakukosea sana. Gari likiharibika, onyo kwa wenzako lilikuwa matawi ya miti yaliyotandazwa barabarani. Desturi hiyo ipo hadi leo, ndugu msomaji, hata kwa mwenye pembetatu zake za kuakisi. Lami ilipokuja, tope likaisha na mwendo ukaongezeka.

Lori letu lilikuwa na kengele ya upepo. Breki za magari makubwa huendeshwa na upepo uliojazwa katika matangi. Upepo ukipungua hadi paundi 60 hivi kwa inchi ya mraba, taa huwaka na kengele hulia ili dereva asimame mapema. Tangi letu lilikuwa likivuja, kwa hiyo kengele haikutupa nafasi ya kuzungumza. Siku moja mzee akaniambia, "Kijana, kata huo waya, unaniumiza kichwa." Nikaukata. Sikuuliza.

Miezi kadhaa baadaye tulishuka Iwambi na shehena ya mbolea. Mzee alikuwa na haraka, gia ikiwa nyepesi, mguu haubanduki kwenye breki. Nikasikia harufu kama ya mpira unaoungua. "Mzee, panaungua." Akatazama mshale wa upepo: umejaa. Alipokanyaga tena, gari halikujali. Alihangaika na gia mpaka ikaingia, akalibana lori kwenye ukingo wa udongo upande wa mlima. Nikaruka na gogo langu. Moshi ulikuwa ukitoka kwenye magurudumu yote ya nyuma.

Kwa siku nyingi nilijilaumu kwa ule waya, mpaka fundi mmoja aliponicheka. Hata ungekuwa mzima, alisema, kengele isingelia, kwa sababu upepo ulikuwepo. Kilichokwisha ni mshiko: dramu zikipata moto mno, hutanuka, na kinachozisugua huteleza tu. Kengele ilitengenezwa kuonya juu ya upepo. Juu ya moto hakuna aliyetuwekea kitu.

Tangu hapo nimevitazama vifaa vya kuonya kwa jicho hilo. Ulaya, kuanzia Novemba 2013, aina mpya za malori makubwa zilitakiwa kuwa na chombo cha kumwonya dereva anapotoka nje ya mstari, na kingine cha kushika breki chenyewe anapokaribia kugonga. Ni vyema, ila hicho cha pili kinazitegemea breki zilezile. Kwetu, mabasi yamefungwa kifaa cha kufuatilia mwendo, ambacho sasa kinasimamiwa na LATRA. Dereva akizidisha, kinalia. Sheria inampa kilomita 80 kwa saa. Lakini lori lililojaa, likiwa Iwambi kwa kilomita 60, limekwisha kuwa hatarini, na kifaa cha namna hiyo kingebaki kimya.

Tarehe 1 Julai 2018, katika mteremko huohuo, lori liligongana na magari mengine, yakiwemo mabasi madogo ya abiria. Walikufa watu wapatao 20. Niliposikia habari hiyo redioni, nilikumbuka gogo langu.

Bado napita pale nikiwa abiria. Safari iliyopita kengele ya basi ililia mara mbili huko tambarare, na abiria wakamgombeza dereva akapunguza. Tulipoanza kushuka Iwambi ilikuwa kimya, na jirani yangu alikuwa amelala. Nikafungua dirisha, nikanusa.