Ng'ambo ya Mto Arno

Upande wa kusini wa mji wa Florence, Italia, huitwa Oltrarno, yaani ng'ambo ya mto Arno. Aliyewahi kutoka Mji Mkongwe wa Zanzibar akapita Darajani kwenda Ng'ambo hahitaji maelezo zaidi. Kinachounganisha pande hizo mbili za Florence tangu enzi za kati ni Ponte Vecchio, Daraja la Kale, na wageni hujazana juu yake wakipiga picha. Mimi ningewaomba watazame zaidi nyumba zilizo kwenye miguu ya daraja.

Daraja lenyewe linastahili sifa. Mafuriko ya tarehe 4 Novemba 1333 yalilisomba lililotangulia, na hili la sasa likakamilika 1345. Waashi wake waliacha tao la nusu duara lililozoeleka tangu enzi za Warumi, wakajenga matao matatu mapana yasiyoinuka sana, la kati likiwa na upana wa takribani mita 30. Tao likiwa pana, nguzo hupungua, na mto hupata njia. Mafuriko makubwa yalirudi 1966, tarehe ileile ya 4 Novemba. Maji yalipita ndani ya maduka ya juu ya daraja, yakavunja na kuzoa mali, lakini daraja halikung'oka.

Leo maduka hayo ni ya masonara. Zamani yalikuwa ya wauza nyama, waliotupa mabaki yao mtoni. Mwaka 1565 mtawala Cosimo I wa ukoo wa Medici alimtuma Giorgio Vasari ajenge ushoroba juu ya maduka, kutoka Palazzo Vecchio hadi kasri la Pitti huko ng'ambo, karibu kilomita moja. Kazi ilikwisha kwa miezi mitano, kwa ajili ya harusi ya Francesco, mwana wa Cosimo. Kuanzia hapo watawala walivuka mto bila kukanyaga njia moja na raia wao. Hata kanisani Santa Felicita walisikiliza misa kutoka roshani ya juu. Ni ukoo wa Mannelli tu uliokataa mnara wake uliokuwa njiani ubomolewe, na mpaka leo ushoroba unauzunguka mnara huo. Wauza nyama hawakuwa na nguvu hiyo: mwaka 1593 mtawala Ferdinando I aliwafukuza, uvundo usimfikie, akawaweka masonara mahali pao.

Halafu ukaja usiku wa kuamkia tarehe 4 Agosti 1944. Jeshi la Ujerumani, likirudi nyuma mbele ya majeshi ya Washirika, lililipua madaraja yote ya Florence isipokuwa Ponte Vecchio. Habari hii husimuliwa kama ya rehema, na hapo ndipo ninapotofautiana na wasimulizi. Ili daraja lisipitike, Wajerumani walilipua nyumba za ncha zake zote mbili: Por Santa Maria upande wa kaskazini, na ng'ambo, Via Guicciardini, Via de' Bardi na Borgo San Jacopo. Mitaa iliyokaliwa tangu enzi za kati ikawa kifusi. Daraja lilipona, mitaa ndiyo iliyolipa.

Daraja jirani la Santa Trinita, kazi ya Ammannati ya karne ya 16, lilijengwa upya kwa umbo lake la asili, na mawe mengi yakiopolewa mtoni, likafunguliwa 1958. Miaka mitatu baadaye kichwa cha sanamu yake ya Majira ya Kuchipua kikapatikana ndani ya Arno. Nyumba za watu hazikutafutiwa mawe yake namna hiyo.

Mgeni akivuka ng'ambo na kuendelea magharibi atafika Santo Spirito, kanisa la Brunelleschi, na karakana za mafundi wa fremu, ngozi na samani. Huko kuta ni za kale kweli. Lakini asiiruke Borgo San Jacopo. Katikati ya majengo yaliyoinuliwa baada ya vita limeachwa gutu la mnara wa Belfredelli, limekatika kama lilivyoachwa na baruti, mimea ikilitambalia.