Ukiambiwa "mradi una uwanja wa michezo": mambo ya kujua kabla ya kununua kiwanja

Matangazo ya viwanja yamejaa kwenye simu zetu. Wauzaji wanatuma picha za barabara zilizochongwa na nguzo za umeme, na siku hizi wengi huongeza mstari mmoja: "eneo la michezo ya watoto lipo." Mstari huo unawavuta wazazi. Wapo wanaouza mazao au ng'ombe ili wapate kiwanja pembezoni mwa mji, watoto wakasome huko na wao wazeekee huko.

Hapa tunaeleza kwa nini uwanja wa michezo unavutia familia, unaongeza nini kwenye thamani ya nyumba, na jinsi ya kujua kama uwanja huo upo kweli au upo kwenye picha tu.

Tuelewane kwanza kwenye maneno. Tukisema "kiwanja" tunamaanisha kipande cha ardhi cha kujengea nyumba. Tukisema "uwanja" tunamaanisha mahali pa kuchezea.

Familia inatafuta nini

Mtu asiye na watoto huuliza barabara, maji na bei. Mwenye watoto huuliza pia: wakitoka shule watakuwa wapi mpaka jioni? Kijijini swali hili halisumbui sana, kwa sababu nafasi ipo. Mjini nyumba zimebanana, na mtoto asiye na uwanja huchezea barabarani au hujifungia ndani na simu.

Uwanja ulio karibu humwezesha mtoto kwenda kwa miguu na kurudi kabla ya giza. Kwa wasichana, umbali huo ndio huamua kama watacheza au hawatacheza kabisa, maana mzazi atakayemruhusu binti kuvuka barabara kuu saa kumi na mbili jioni akacheze netiboli ni nadra. Uwanja pia huwakutanisha majirani. Watu waliohamia kutoka mikoa tofauti hufahamiana haraka zaidi timu ya mtaa ikicheza Jumapili.

Mji uliopangwa pamoja na michezo

Mfano unaojulikana sana wa makazi yaliyopangwa hivi ni Columbia, katika jimbo la Maryland nchini Marekani. Mwekezaji James Rouse alinunua takriban ekari 14,000 za mashamba kati ya miji ya Baltimore na Washington, na mwaka 1967 mji ukafunguliwa rasmi. Uligawanywa katika sehemu zilizoitwa vijiji, na kila kijiji kikawa na mitaa yake. Mpango ulikuwa kwamba familia ipate shule ya msingi, bwawa la kuogelea na mahali pa kuchezea watoto kwa umbali wa kutembea, na njia za waenda kwa miguu ziunganishe mitaa. Leo mji huo una wakazi zaidi ya 100,000 na mabwawa ya wazi zaidi ya 20.

La kujifunza Columbia ni jinsi vitu hivyo vinavyotunzwa. Ipo taasisi isiyo ya kibiashara, Columbia Association, inayosimamia maeneo ya wazi na ya michezo. Mwenye nyumba hulipa tozo ya kila mwaka kulingana na thamani ya mali yake. Wajibu huo umefungwa kwenye ardhi yenyewe: ukinunua nyumba, unanunua na wajibu wa kuchangia. Kwa hiyo uwanja haukubaki ukimsubiri aliyeuza ardhi aendelee kuutunza baada ya kumaliza kuuza.

Sisi hatuhitaji mabwawa ya kuogelea. Lakini swali la nani atafyeka majani na nani atarudisha goli lililoanguka ni lilelile.

Uwanja wa mashindano na uwanja wa mtaa

Dalali atakwambia kiwanja kipo "karibu na uwanja". Muulize uwanja upi. Jijini Arusha, kwa mfano, ulianza kujengwa uwanja wa watazamaji 30,000 kwa ajili ya AFCON ya 2027, ambayo Tanzania, Kenya na Uganda zimepewa kuiandaa kwa pamoja. Uwanja wa aina hiyo huleta lami, umeme, nyumba za wageni na wateja wa chakula. Siku ya mechi huleta pia foleni na kelele.

Anayenunua ili apangishe au afungue biashara anaweza kufurahia ujirani huo. Lakini mtoto wako hataingia humo jioni na mpira wake. Uwanja unaomfaa ni ule wa mtaani, wenye magoli mawili na kivuli cha miti, usio na mlango wa tiketi.

Je, bei ya nyumba hupanda?

Nchini Marekani jambo hili limechunguzwa kwa miaka mingi. Profesa John Crompton wa Chuo Kikuu cha Texas A&M alikusanya tafiti nyingi, na mwaka 2001 alieleza kwamba nyumba zinazopakana na bustani tulivu zinaweza kukadiriwa kuwa na thamani ya ziada ya karibu asilimia 20. Kwa viwanja vya michezo vyenye watu wengi, taa na kelele, faida ya nyumba inayopakana navyo huwa ndogo zaidi.

Hizo ni takwimu za Marekani, usizipigie hesabu ya kiwanja chako. Funzo lake ni hili: kukaa mtaa mmoja na uwanja ni jambo jema, lakini kiwanja kinachogusana na goli kitapigwa mipira ukutani. Nyumba ya tatu au ya nne kutoka uwanjani hupata faida bila usumbufu mkubwa.

Kwa nini uwanja hupotea

Uwanja wa mpira wa kiwango cha kimataifa una urefu wa mita 105 na upana wa mita 68, yaani mita za mraba 7,140. Hapo hujahesabu nafasi ya pembeni. Ukiukata kuwa viwanja vya mita za mraba 400, unapata 17. Kama kila kimoja kinauzwa shilingi milioni 5, hiyo ni milioni 85. Hapo ndipo kishawishi kilipo. Mradi ukishajaa, ile nafasi ya wazi ndiyo ardhi pekee iliyobaki ya kuuza.

Nafasi ikiwa ndogo, bado michezo inawezekana. Uwanja wa netiboli una mita 30.5 kwa 15.25, na wa mpira wa kikapu mita 28 kwa 15. Kila kimoja kinaenea kwenye eneo la mita 35 kwa 20. Muuzaji anayesema hana nafasi kabisa, mweleze vipimo hivyo.

Hata uwanja wa shule unaweza kuvamiwa. Januari 2015 jijini Nairobi, wanafunzi wa Shule ya Msingi Lang'ata Road walikuta uwanja wao umezungushiwa ukuta. Waliandamana pamoja na wanaharakati, polisi wakawarushia mabomu ya machozi, na picha zake zikaenea duniani. Eneo lilirudishwa kwa shule, lakini tayari watoto walikuwa wamevuta moshi kwa ajili ya mahali pao pa kuchezea.

Sheria ya Tanzania inasemaje

Kwa mujibu wa Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007, halmashauri ndizo mamlaka za upangaji. Eneo likipangwa, huandaliwa mchoro wa mipangomiji, ambao wengi wanauita "TP". Mchoro huonyesha matumizi ya kila kipande: makazi, biashara, shule, zahanati, eneo la wazi, michezo. Baada ya mchoro kuidhinishwa hufuata upimaji na ramani ya upimaji.

Kipande kilichotengwa kwa michezo hakigeuki kuwa makazi kwa sababu muuzaji ameamua. Kubadilisha matumizi ya ardhi kuna utaratibu wake: maombi hupelekwa kwa mamlaka, na kusudio hutangazwa ili wananchi wapate nafasi ya kupinga. Ukiona tangazo la namna hiyo kuhusu uwanja wenu, msikae kimya. Andikeni pingamizi kabla muda haujaisha.

Ila kutenga ni jambo moja na kujenga ni jingine. Mchoro unailinda nafasi. Hauleti magoli wala haufyeki majani.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

1. Mchoro wa mipangomiji upo na umeidhinishwa? Usiridhike na picha ya kwenye simu. Nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri, umwombe afisa mipangomiji akuonyeshe. Shamba lililokatwa vipande bila mchoro halina uwanja wa michezo, hata kama muuzaji amechomeka magoli.

2. Eneo la michezo lina namba gani kwenye mchoro, na matumizi yake yameandikwaje? Lisome mwenyewe, au nenda na mtu anayejua kusoma ramani.

3. Eneo hilo liko wapi kwa macho? Tembea mpaka hapo. Kama ni bondeni panapojaa maji masika, au ni korongo, ujue limetengwa kwa sababu halifai kujengwa.

4. Limekabidhiwa kwa nani: halmashauri, serikali ya mtaa, shule, au bado liko mkononi mwa muuzaji?

5. Nani atalitunza? Kaya 300 zikichanga shilingi 2,000 kila mwezi, zinapata 600,000 kwa mwezi, sawa na milioni 7.2 kwa mwaka. Zinatosha kuanzia, kama kuna kamati na daftari la mapato linalosomwa mbele ya watu.

6. Ahadi ya uwanja imeandikwa kwenye mkataba wako wa mauziano? Kama haimo, omba iandikwe kabla hujatia saini.

Kijiji kinachogeuka mji

Wasikilizaji wetu wengi hawahami. Mji ndio unaowafuata. Kijiji kilichokuwa na maduka matatu leo kina stendi, na wageni wanaulizia viwanja. Huu ndio wakati wa kuutenga uwanja, kabla ardhi haijapanda bei.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu kijiji kutenga ardhi ya matumizi ya pamoja na kuiandika kwenye rejesta. Halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Kwa hiyo uwanja ambao babu zetu waliuacha kwa mazoea, bila maandishi, uletwe kwenye mkutano, upimwe, upandwe miti ya mipaka, na uandikwe kwenye muhtasari.

Anayetaka kununua kwenu atauliza watoto watacheza wapi. Mwonyesheni uwanja, na mwonyesheni na karatasi yake.