Kuku, yai na kompyuta iliyogoma kuwaka

Leo tuache siasa kidogo. Mwezi uliopita nilizima kompyuta yangu usiku, vizuri tu. Asubuhi naiwasha, Linux inanitupia maandishi meupe kwenye kioo cheusi, mwishoni yameandikwa "kernel panic", kisha kimya. Humo ndani mna saa tatu za mahojiano na mzee mmoja ambaye tulikuwa tumemzika wiki mbili kabla. Nakala nyingine sina. Mwandishi mzima!

Nilipoacha kutetemeka nilianza kusoma, nikakuta kwamba kosa hili lina historia yake.

Linus Torvalds alipoitangaza Linux mwaka 1991, akiwa mwanafunzi huko Helsinki, aliiandika kwa ajili ya kompyuta yake mwenyewe. Alisema wazi kuwa huenda isikubali diski nyingine zaidi ya zile za aina ya AT, kwa sababu ndizo alizokuwa nazo. Watu wakaipenda, na kila mmoja akaja na diski yake. Kerneli, yaani kiini cha mfumo, ikalazimika kubeba draiva za kila namna, na flopi ya kuwashia ilikuwa na nafasi ya MB 1.44 tu. Slackware ilifika mahali pa kutoa flopi nyingi tofauti. Unachagua inayofanana na mashine yako.

Dawa ilikuwa kuzitoa draiva nje ya kerneli, ziwe moduli zinazopakiwa zinapohitajika. Lakini moduli zinakaa kwenye diski, na diski haisomeki bila moduli. Kuku na yai!

Mwaka 1996 Werner Almesberger na Hans Lermen wakaleta initrd, diski ndogo ya bandia inayokaa kwenye RAM. Programu ya kuwashia inapakia kerneli pamoja na kifurushi hicho; kerneli inakifungua, inatoa draiva zinazotakiwa, inaipata diski ya kweli, kisha inakiacha. Ni kama ngazi: ukishapanda juu, huna haja nayo tena.

Initrd ilikuwa na ugumu wake: ukubwa wake haukubadilika, na ilihitaji mfumo wake wa mafaili ndani ya kerneli. Linux 2.6, iliyotoka Desemba 2003, ikaja na initramfs, furushi la cpio linalofunguliwa moja kwa moja kwenye kumbukumbu. Cha kuchekesha, kwenye Debian na Ubuntu faili hilo bado linaitwa initrd.img. Jina la marehemu amepewa mjukuu.

Sasa, mimi niliponzwa na nini? Kigawe cha /boot kilikuwa kimejaa kerneli za zamani. Kerneli mpya iliingia, lakini furushi lake halikupata nafasi. Onyo lilitokea, nikalipuuza. Kerneli ikaamka bila ngazi.

Tiba ni hii. Kwenye menyu ya GRUB nilichagua kerneli ya zamani, na mashine ikawaka. Kwa uname -r nilihakikisha ni ipi ninayotumia ili nisiifute, nikaondoa nyingine zilizozeeka, kisha nikajenga furushi upya kwa update-initramfs -c -k na namba ya kerneli mpya, na kumalizia na update-grub. Fedora wao wanatumia dracut. Kama huna kerneli ya zamani, washa kwa flashi yenye Linux, pachika diski yako, ingia kwa chroot, ufanye kazi ileile.

Sauti ya mzee ilikuwepo muda wote, haijaguswa. Diski haikufa, kerneli ilikosa tu njia ya kuifikia. Wangapi wamefuta kila kitu na kuanza upya kwa kutojua hilo?

Nakala za yale mahojiano sasa ninazo tatu. Wewe una ngapi?