Tarikhi ya Chupa ya Lynn na Maumivu ya Hedhi

Katika tarikhi ya utabibu ipo milango iliyoandikwa kwa wino mwingi, kama vile wa ndui, wa tauni na wa malaria; lakini mlango wa maumivu ya hedhi, ambayo yamewapata wanawake wa kila umma tangu kale, una kurasa chache tu, na aghalabu ya kurasa hizo ziliandikwa na wanaume ambao hawakupata kumwuliza mgonjwa mwenyewe. Anayetaka kuijua habari hii hana budi kuitafuta nje ya vitabu vya matabibu, na mahali pamoja pa kuanzia ni jiko la nyumba moja katika mji wa Lynn, jimbo la Massachusetts, Marekani.

Lydia Estes Pinkham alizaliwa mjini humo mwaka 1819, katika jamaa iliyopinga utumwa waziwazi. Akawa mwalimu, akaolewa, na kwa miaka mingi akawachemshia jirani zake dawa ya mizizi bila ya kudai malipo. Mumewe, Isaac, alikuwa mfanyi biashara ya ardhi, na mwaka 1873, benki za Marekani zilipoanguka, naye akafilisika. Hata ilipofika 1875, ile dawa iliyokuwa ya ujirani ikatiwa katika chupa na kuuzwa kwa dola moja. Ndani yake mlikuwa na mizizi ya misitu ya Amerika, mingine ikiwa imetumiwa na wenyeji wa asili wa nchi ile kabla ya wageni kufika, pamoja na uwatu, huu huu ambao mama wa pwani yetu humpa mzazi. Na fauka ya hayo mlikuwa na kileo, kiasi cha sehemu 18 katika mia, kilichosemwa kuwa kimetiwa ili kuyeyusha dawa na kuihifadhi.

Ni rahisi leo kuidharau chupa ile, lakini atakayeidharau na atazame kwanza jambo ambalo mwanamke wa zama zile alikuwa akilikimbia. Mwaka 1872 tabibu Robert Battey wa Georgia alianza kuwapasua wanawake wenye taabu za hedhi na kuwatoa ovari ambazo hazikuonekana kuwa na ugonjwa wowote, na upasuaji huo ukaenea Marekani na Ulaya. Na ambaye hakupasuliwa alipewa afyuni, au akaambiwa kwamba ugonjwa wake ni wa akili. Ilhali kampuni ya Pinkham, ambayo tangu 1879 iliweka sura ya Bibi Lydia katika matangazo yake, iliwaalika wanawake waandike barua, nao wakaahidiwa kwamba barua zao zitasomwa na wanawake wenzao tu. Barua zikamiminika. Lydia alifariki mwaka 1883, na kampuni ikaendelea kuwaambia watu wamwandikie Bibi Pinkham, mpaka mwaka 1905 jarida la Ladies' Home Journal likachapisha picha ya jiwe la kaburi lake. Huo ulikuwa udanganyifu, wala sitautetea. Lakini mimi huona kwamba shahada kubwa kuliko udanganyifu huo ni zile barua zenyewe, kwani mtu hamwandikii mgeni siri ya mwili wake ila amekosa wa kumsikiliza karibu.

Pwani yetu wa kumsikiliza alikuwapo. Mwari alikuwa na somo wake, au kungwi, aliyemfundisha kufunga sodo, kuhesabu siku na kujitwaharisha. Na tumbo la chango lilipomshika, alipewa maji ya moto ya tangawizi au mdalasini, akakandwa chini ya kitovu kwa kitambaa kilichopashwa moto, kwa itikadi kwamba maradhi hayo ni ya baridi, nayo baridi huondolewa kwa moto. Fikra hiyo ina nasaba na tiba ya Wayunani waliyoirithi Waarabu na kuiandika matabibu akina Ibn Sina.

Huko Marekani, mmoja wa watu wa kwanza kuwauliza wanawake kwa taratibu ya ilimu alikuwa naye mwanamke. Mwaka 1873 tabibu Edward Clarke wa Chuo Kikuu cha Harvard alitoa kitabu akidai kwamba msichana akisomeshwa sawa na mvulana, bila ya kupumzishwa siku za hedhi, uzazi wake utaharibika. Chuo hicho, ambacho hakikuwapokea wanawake kusoma utabibu, kikayafanya mas'ala ya mapumziko kuwa ya kushindaniwa kwa Tuzo ya Boylston, na insha zikapelekwa bila ya majina. Iliyoshinda mwaka 1876 ikaonekana kuwa ya tabibu Mary Putnam Jacobi wa New York. Alikuwa ametoa karatasi 1000 za maswali, akajibiwa na wanawake 268, akapima mapigo ya damu na nguvu za misuli, akabainisha kwamba hapana sababu ya kumzuia mwanamke mwenye afya asisome wala asifanye kazi siku hizo.

Sababu ya maumivu ilichelewa zaidi. Mwaka 1957 V. R. Pickles wa Uingereza aligundua kwamba katika damu ya hedhi yenyewe mna kitu kinachoukaza msuli. Kikajulikana baadaye kuwa ni prostaglandini, ambazo zikizidi huukaza mji wa mimba hata damu isiupitie sawasawa, nao msuli ulionyimwa damu huuma. Mwaka 1971 John Vane akaonyesha kwamba aspirini huzuia prostaglandini zisitengenezwe, akashiriki Tuzo ya Nobel ya 1982 kwa ajili hiyo. Na ibuprofeni, dawa ya namna ile ile, iliyotolewa Uingereza mwaka 1969 kwa wenye baridi yabisi, ikawa dawa ya hedhi, hasa ikimezwa mapema, maumivu yanapoanza tu. Hata kile kitambaa cha moto kilipata shahada yake: uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 2001 ulikuta kwamba joto la kadiri ya digrii 39, likiwekwa tumboni mchana kutwa, hutuliza sawa na ibuprofeni.

Lakini lipo jibu ambalo wasichana wetu wangali wakipewa, kwamba wastahimili tu, wakizaa maumivu yataisha. Kwa wengine huwa hivyo. Kwa wengine, ambao utando wa mji wa mimba umeota nje ya mahali pake, maumivu aghalabu huzidi mwaka hata mwaka, na huenda yasishikike kwa vidonge; na msichana wa namna hiyo, anayekosa shule kila mwezi, haki yake ni kupelekwa kwa tabibu akapimwe sasa, kabla ya kuolewa wala kuzaa.