Watu wa Chumbani: Jinsi VAR Ilivyoingia Ulaya na Lawama Zikahama Uwanjani

Wadau wa kandanda, kila wikiendi ni kelele zilezile. Goli limeingia, watu wameruka, soda imemwagika, halafu refa anaweka kidole sikioni. Kibanda umiza kizima kimya. Dakika mbili, tatu. Kisha anachora runinga hewani na goli linakufa. Hapo ndo utasikia mtu anasema, "Bora zamani bwana." Leo naomba tuizungumze hiyo zamani, maana naona wengi wameshasahau ilivyokuwa. Marefa sitawataja majina, wametukanwa vya kutosha.

Turudi Jumatano ya tarehe 6 Mei 2009, Stamford Bridge. Nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, Chelsea na Barcelona, mechi ya marudiano baada ya 0-0 kule Camp Nou. Essien kafunga dakika ya 9 kwa mguu wa kushoto, bonge la goli. Baada ya hapo zikaanza kesi. Malouda kavutwa, refa wa kutoka Norway akaweka faulo nje ya boksi. Drogba kadondoka akiwa na Abidal, hakuna kitu. Mpira ukamgonga Piqué mkononi ndani ya boksi, refa kasema chezeni. Dakika ya 93 Iniesta akaachia kombora, 1-1, na kwa sheria ya goli la ugenini Chelsea wakawa nje. Bado hatujamaliza: Ballack akapiga shuti, mpira ukamgonga Eto'o mkononi, refa kapeta. Ballack akamkimbiza yule bwana huku akimfokea sikioni, picha ambayo mpaka leo inazunguka mitandaoni. Filimbi ya mwisho ilipolia Drogba, ambaye alishatolewa, akaingia uwanjani na kandambili na kuitolea kamera maneno ambayo watoto hawakupaswa kuyasikia. UEFA wakamfungia. Refa alipata vitisho vya kuuawa, na miaka ya baadaye akakiri kwamba siku ile alikosea.

Mashabiki wa Chelsea huwa hawapendi kukumbushwa kitu kimoja. Abidal alipewa kadi nyekundu kwenye mechi hiyohiyo kwa kumgusa Anelka, na ukitazama marudio unajiuliza kama alimgusa kweli. Yaani jamaa alikuwa na usiku mbaya pande zote mbili.

Kwangu mimi kiini cha yote ni hiki. Usiku ule mtu wa Manzese na mtu wa Mombasa waliona marudio ya kila tukio kabla hata refa hajafika katikati ya uwanja. Mtu mmoja tu ndiye aliyekatazwa kisheria kuona, naye ni yule mwenye filimbi. Runinga zilikuwa zimewapa mamilioni ya watu macho bora kuliko ya mwamuzi, halafu tukamtaka mwamuzi aamue na sisi tumhukumu.

Na haikuwa mara ya kwanza. Januari 2005, pale Old Trafford, Pedro Mendes wa Tottenham alipiga mpira kutoka karibu na katikati ya uwanja, kipa wa Manchester United akaudondosha ukaenda ndani kabisa ya mstari, akauchota kuurudisha nje. Mchezo ukaendelea, 0-0. Miezi minne baadaye Luis García wa Liverpool akapewa goli dhidi ya Chelsea ambalo mpaka leo hakuna mwenye uhakika kama lilivuka, na Liverpool wakaenda Istanbul kuchukua kombe. Italia nako, Februari 2012, Muntari wa AC Milan alipiga kichwa dhidi ya Juventus, Buffon akautoa ukiwa umeshavuka mstari waziwazi, likakataliwa. Mechi ikaisha 1-1 na Juventus wakabeba ubingwa ule bila kufungwa mchezo hata mmoja. Muulize shabiki wa Milan leo, atakuonesha picha iliyoko kwenye simu yake.

Sasa wakubwa walifanya nini? UEFA, chini ya Platini ambaye hakutaka kabisa kusikia habari za mashine, wakaongeza watu. Msimu wa 2009/10 kwenye Europa League, na msimu uliofuata kwenye Ligi ya Mabingwa, kukawa na waamuzi wawili zaidi, mmoja kila goli, kazi yao kuangalia mstari na boksi. Si unawakumbuka wale jamaa na vijiti vyao? Walisimama pale kama walinzi wa benki. Juni 2012, Euro, kule Donetsk, Ukraine wakapiga mpira ukavuka mstari wa England, John Terry akauondoa akiwa ndani ya goli. Mwamuzi wa goli alikuwa mita chache tu kutoka pale, na hakuona. Haikupita hata mwezi, tarehe 5 Julai 2012, wanaotunga sheria za soka wakaruhusu teknolojia ya mstari wa goli. Wengine husema goli la Lampard la 2010 kule Bloemfontein ndilo lililofungua mlango. Ni kweli, ila nadhani Donetsk ndiyo iliyouvunja kabisa, kwa sababu ilionesha kwamba kuongeza macho ya binadamu hakusaidii.

Mstari wa goli ulikuwa kesi rahisi. Mpira umevuka au haujavuka, saa ya refa inatetemeka, basi. (Ingawa nayo iligoma Juni 2020: kipa wa Aston Villa aliubeba mpira mpaka ndani ya goli dhidi ya Sheffield United, kamera zikazibwa na miili ya watu, saa haikulia. Villa wakapata pointi moja, na mwisho wa msimu wakabaki Ligi Kuu kwa tofauti ya pointi moja. Fanya hesabu mwenyewe.)

Kuotea, penalti na kadi nyekundu ni habari nyingine. Waholanzi ndio walioanza kujaribu kimyakimya, na Septemba 2016 kwenye kombe lao, Ajax wakicheza na Willem II, mchezaji akatolewa kwa kadi nyekundu baada ya watu wa video kumshtua refa. Ujerumani na Italia wakaingia msimu wa 2017/18. Hispania na Ufaransa mwaka uliofuata. Ligi ya Mabingwa Februari 2019, na Waingereza wakaja mwisho, 2019/20.

Ujerumani ndiko tulikoona kioja cha kwanza kikubwa. Aprili 2018, Mainz na Freiburg, timu mbili zinazopigania kutoshuka daraja. Filimbi ya mapumziko imelia, wachezaji wameingia vyumbani kunywa maji. Kumbe kule Köln, kwenye chumba cha video, wameona mpira umemgonga beki wa Freiburg mkononi. Refa akaenda kwenye skrini, akaangalia, akawaita watu watoke vyumbani warudi. Penalti ikapigwa, goli, halafu mapumziko tena! Kipindi kimoja kimeisha mara mbili. Mainz wakashinda 2-0.

Halafu ikaja Aprili 17, 2019, Etihad. Manchester City wanahitaji goli moja kuingia nusu fainali dhidi ya Tottenham. Dakika ya 93 Sterling anafunga, Guardiola anakimbia kama mtoto aliyepewa zawadi. Kisha maandishi yanatokea: hakuna goli, Agüero alikuwa ameotea. Guardiola akapiga magoti. City walishinda 4-3 usiku ule na wakatoka mashindanoni. Uamuzi ulikuwa sahihi, wala hakuna ubishi. Lakini hapo ndipo watu wengi waligundua bei yake: furaha sasa inaombewa kibali. Msimu wa kwanza wa Waingereza ukaja na mistari ya rangi, na Firmino akakataliwa goli kule Villa kwa sababu ya kwapa. Kwapa, jamani!

Hata hivyo kosa la mstari si kosa la kuogopwa sana. La kuogopwa ni lile la tarehe 30 Septemba 2023. Luis Díaz wa Liverpool kafunga dhidi ya Tottenham ubao ukisoma 0-0, mshika kibendera kanyanyua. Watu wa chumbani wakaangalia, wakaona wazi hakuotea. Ila walidhani uwanjani goli lilishakubaliwa. Kwa hiyo wakamwambia refa ukaguzi umekamilika, yeye akaelewa kwamba kuotea kumethibitishwa, mpira ukaanza. Ni yule fundi wa kuendesha picha, si mwamuzi, aliyeshtuka kwanza na kutaka mechi isimamishwe. Wakajibiwa kwamba mchezo umeshaanza tena, sheria hairuhusu kurudi nyuma. Chama cha waamuzi kilitoa sauti zile siku chache baadaye. Ukizisikiliza, utasikia watu wazima wanaogundua kosa ndani ya sekunde chache na hawana la kufanya. Liverpool wakafungwa 2-1 dakika za mwisho kabisa.

Ndiyo maana nasema lawama zimehama tu. Mwaka 2009 Ballack alikuwa na mtu wa kumkimbiza. Leo utamkimbiza nani? Mtu amekaa mbele ya skrini maili nyingi kutoka uwanjani. Watu wa Yanga wanalijua vizuri hili tangu Aprili 2024 kule Pretoria, mpira wa Aziz Ki ulipogonga mwamba na kudunda chini dhidi ya Mamelodi Sundowns, VAR ikaangalia na kusema si goli. Ungemfokea nani?

Je, wafute? Wolves walipeleka hoja hiyo kwa klabu za Ligi Kuu ya England Juni 2024, kura zikawa 19 kwa 1. Swedeni wao waliikataa toka mwanzo. Na Norway, nchi ileile ya refa wa Stamford Bridge, Julai 2024 mashabiki walirusha mipira ya tenisi na kababu za samaki uwanjani kwenye mechi ya Rosenborg na Lillestrøm wakipinga VAR, mpaka mechi ikavunjika. Klabu zao nyingi zikataka ifutwe. Machi 2025 mkutano mkuu wa shirikisho lao ukapiga kura: inabaki.