Ofa Inapoongezewa Siku

Februari 2019, Roche ya Uswisi iliafikiana na Spark Therapeutics, kampuni ya tiba za jeni iliyoko Philadelphia, kuinunua kwa dola 114.50 kila hisa, jumla yapata dola bilioni 4.3. Ofa ikafunguliwa kwa wanahisa Machi, makataa yakiwa mwanzoni mwa Aprili. Aprili ikapita ofa haijafungwa. Mei nayo ikapita, na Juni. Wasimamizi wa ushindani wa Marekani na Uingereza walikuwa wakichunguza kama Roche, ambayo tayari inauza dawa ya hemofilia, ingeizima tiba ambayo Spark ilikuwa ikiijaribu. Kila makataa yalipofika, tangazo lilitoka: muda umeongezwa. Ofa ilikamilika Desemba, na bei ikabaki ileile.

Mtu wa mbali angedhani Roche ilikuwa ikizungusha watu. Sivyo. Katika mikataba ya kuunganisha kampuni nchini Marekani, kuongeza siku huwa ni wajibu wa mnunuzi. Kibali cha serikali kikichelewa, haruhusiwi kuiacha ofa ife ilhali tarehe ya ukomo wa mkataba haijafika. Kifungu hicho kinamlinda muuzaji dhidi ya mnunuzi aliyeanza kuijutia bei yake. Sheria nayo inadai ofa ikae wazi siku 20 za kazi au zaidi, na tangazo la kuongeza muda litoke kabla ya saa tatu asubuhi ya siku ya kazi inayofuata, likitaja hisa zilizokwisha kuwasilishwa. Kwangu mimi hesabu hiyo ndiyo roho ya tangazo zima, kwa sababu humwonyesha mwanahisa mdogo wenzake wameelekea wapi. Na maadamu ofa iko wazi, anaweza kuzichukua tena hisa alizowasilisha.

London ina desturi nyingine. Huko saa inashikwa na mwamuzi, jopo la kusimamia ununuzi wa kampuni lililoundwa 1968. Kwa miaka mingi siku ya 60 ya ofa ilikuwa ukuta: mnunuzi asiyekuwa amepata hisa za kutosha kufikia hapo aliondoka. Akitamka hadharani kwamba hataongeza muda, kauli yake inamfunga. Tangu 2021 jopo linaweza kuisimamisha saa vibali vya serikali vinaposubiriwa, na hapo London imeisogelea Marekani kwa busara.

Ila ukuta wenyewe naupenda, hasa pale ambapo hakuna mkataba. Juni 2003 Oracle iliivamia PeopleSoft ya Pleasanton, California, kwa ofa ya dola 16 ambayo bodi iliikataa. Oracle ikaongeza muda, ikaongeza tena, bei ikipanda hadi 26, ikishuka hadi 21, mpaka makubaliano ya Desemba 2004 kwa dola 26.50. Mwanahisa aliyevumilia alivuna, sikatai. Lakini kwa mwaka mmoja na nusu mteja wa PeopleSoft alinunua programu bila kujua nani angeihudumia kesho, na mfanyakazi aliingia kazini kila asubuhi bila kujua mwajiri wake wa mwezi ujao. Walioafikiana wapewe siku zote wanazohitaji. Anayevamia awekewe ukomo, maana siku anazojiongezea zinalipwa na watu wasiomiliki hata hisa moja.

Januari 2005, ununuzi ulipokamilika, Oracle ilitangaza kupunguza wafanyakazi 5,000.